Mpaka Lini

Njia ya Kessel: magharibi ni Brandvold,
mashariki ni Oxley, na katikati
mstari wa njano uliopauka.
Miaka kumi na tisa naendesha gari la theluji la Brandvold.
Nikifika mstarini nainua koleo.
Si roho mbaya. Ni mkataba wa kazi, ukurasa wa nne.

Delphine Okerstrom wa Oxley naye huinua lake.
Tulipishana saa kumi alfajiri, taa kwa taa,
tukipungiana mkono kama watu wanaodaiana,
na nyuma yetu, katikati ya njia,
likabaki tuta la theluji la kimo cha goti,
limenyooka kuliko sheria yoyote.

Shimo la mbele ya dobi la Chue Moua
sisi tuliziba nusu yetu mwezi wa tano.
Nusu yao ilingoja bajeti.
Taa zetu nyeupe, zao rangi ya chai;
ukivuka usiku, kivuli chako
kinabadilika rangi kabla yako.

Hatuchimbi mtaro mpaka wao wachimbe.
Hatupandi mti mpaka wao walipe.
Mpaka wakubali. Mpaka waandike. Mpaka kiangazi.
Tulitegeana hivyo
hadi neno lenyewe likaota ukuta.

Kisha Halina Pruski, miaka sabini na minane,
na kigari chake cha sokoni, viazi na maziwa,
akajaribu kulivuka tuta.
Hakufa. Niseme mapema.
Alivunjika nyonga, akalala juu ya mstari,
kichwa Oxley, miguu Brandvold.
Gari la wagonjwa la kwetu likauliza: yuko upande upi?
La kwao likauliza vilevile.
Dakika ishirini na sita.
Moua alitoka na blanketi
lililotoka kwenye mashine ya kukaushia, bado la moto,
blanketi la mteja, hata hakuuliza la nani.

Tuta lile nililipima mwenyewe kesho yake.
Nusu ya theluji ile ilikuwa yangu.

Mameya walikutana dobini, maana hakuna
aliyekubali kwenda ukumbi wa mwenzake.
Viti vya plastiki, mashine zikizunguka,
shati jekundu la mtu likipita kwenye kioo
kila baada ya sentensi.
Masaa matatu wakabishana rangi ya taa.
Delphine akasimama, koti lake limelowa,
akasema: tupeni gari moja, sisi wawili tutapokezana.
Akaketi. Mashine moja ikalia, nguo zimeisha.

Sasa mtaro ni mmoja, na shimo
limezibwa kwa lami ya siku moja.
Miti kumi na minane imesimama katikati,
mitatu imeshakauka, na kila mji
unadai iliyokauka ni ya mwenzake.
Jina bado halijapatana:
kwao ni Barabara ya Thelathini na Moja.
Bahasha za Moua zinafika kwa majina yote mawili.

Halina ana benchi, pale pale alipoanguka.
Huketi na fimbo yake, akanena na wapitao:
"Nusu hii ni baridi zaidi. Ya nani hii?"
Hucheka mwenyewe kabla hujajibu.

Usiku wa theluji ya kwanza zamu ilikuwa yangu.
Njia nzima, ukingo hadi ukingo,
hakuna ukurasa wa nne.
Nilipokaribia katikati mkono wangu
ukainua koleo wenyewe, haukuniuliza.
Nikasimamisha gari. Injini ikanguruma.
Nyuma yangu, kipande kifupi cha tuta,
kama urefu wa mtu aliyelala.

Nikarudi kinyumenyume
nikakisukuma.